Siku Mzee Mwakio Alipoyameza Maji ya Mhadhiri

Vijana wangu, mmeniomba nije kwenye mahafali yenu, nisimame mbele ya watu, nizungumzie siri ya kufanikiwa. Nimekataa, na msininunie. Magoti yangu hayataki ngazi tena, na hiyo siri yenyewe sina. Nilichonacho ni kazi moja niliyoifanya miaka mingi, nayo ni ukalimani. Nilisimama pembeni ya watu walioijua siri hiyo, au waliodhani wanaijua, nikaitoa kwenye Kiingereza na kuitia kwenye Kidawida, lugha yetu ya Taita, na Kiswahili, kutoka Taveta mpaka Kasigau. Mihadhara ya mafanikio niliyoitamka kwa kinywa changu ni mingi kuliko ya mtu yeyote mnayemjua, na hakuna hata mmoja uliokuwa wangu. Mtu aliyepitisha hekima nyingi hivyo kinywani angepaswa kuelewa kitu. Mimi nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nikiwa mwalimu wa shule huku milimani. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, na mkutano wowote ulitaka kibali. DO, yule Mzungu mkuu wa tarafa, alikuja mwenyewe, akakaa mbele na kofia yake gotini, akataka kusikia kila neno kwa masikio yake. Kwa hiyo mhadhiri alilazimika kusema Kiingereza, hata kama ni Mdawida anayezungumza na Wadawida wenzake. Na wazazi je? Wengi wao walikuwa akina mama waliotoka shambani, Kiingereza chao ni "gudi moningi" na hapo kimeishia. Ndipo nikaitwa mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Maalim Badi, mkalimani wa korti pale Voi, mzee wa pwani mwenye kanzu isiyojua vumbi, na mnajua vumbi la Voi lilivyo. Sikujua aliwezaje. Alinikalisha barazani kwake akaniambia, "Mwanangu, mkalimani ni mfereji. Mfereji hauonji maji. Ukishaanza kuonja, umeharibu kazi ya watu." Akanionyesha mahali pa kusimama: nyuma kidogo ya msemaji, upande wa kushoto, na upepo ukupige mgongoni ili sauti yako iende kwa watu, isikurudie wewe. Akanifundisha kukunja kidole kimoja kwa kila jambo linalosemwa, ili usisahau la katikati. Na msemaji akipitiliza, akimwaga maneno bila kituo, unamvuta pindo la koti. Nimevuta makoti ya watu wakubwa, mimi. Mmoja aligeuka akanikaripia mbele ya watu kwamba ninamrarua.

Jambo moja tu nilikataa kwa Maalim. Alisema nisinywe chai na watu kabla ya mkutano, maana nitaanza kuwahurumia. Mimi nilikunywa. Huwezi kuzungumza na akina mama wa Makwasinyi bila kujua kwanza mvua imenyesha wapi na nani amefiwa.

Hukohuko Makwasinyi nilipata swali ambalo linanisumbua mpaka leo. Mhadhiri mmoja alikuja kutueleza jinsi ya kuchagua kazi. Alikuwa mtu mpole, anapenda watu. Akasema kila mtoto atazame moyo wake na achague kazi anayoipenda, na akiipenda atafanikiwa. Nikalisema vizuri, nikaona watu wanaitikia kwa vichwa. Kisha bibi mmoja akainua mkono. "Mwulize," akaniambia, "na ile kazi isiyopendwa na mtu, ataifanya nani?" Nikauliza kwa Kiingereza. Mhadhiri akacheka, akasema hilo ni swali zuri sana, akatazama saa yake, akashukuru wote kwa kuja. Yule bibi alinitazama mimi. Aliona kama jibu limekwama kooni mwangu na ninamnyima.

Halafu vikaja vipaza sauti. Nyinyi mnavyo hata makanisani vya kuwapasua masikio, lakini wakati ule tulikuwa na pembe moja ya bati iliyofungwa kwenye betri ya gari. Pembe hiyo ilikuwa ya mhadhiri peke yake. Mimi nilipaswa kupiga kelele kwa mapafu yangu nishindane nayo, na nikifika nyumbani sauti imekauka, nanyonya tangawizi. Siku moja tukaipeleka Kishushe. Mhadhara ulikuwa wa kujitegemea. Mhadhiri alizungumza sana, akaimaliza betri yote, na tulipotaka kuondoka gari halikuwaka. Basi waliosikiliza mhadhara wa kujitegemea wakatusukuma mpaka kwenye mteremko. Mhadhiri aliwapungia mkono kutoka dirishani. Nilicheka peke yangu, lakini nilijiuliza kama nimeelewa vibaya neno lenyewe, maana mimi ndiye niliyelitafsiri.

Sasa niwaambie la Righa. Hilo ndilo lililonivuruga kabisa.

Righa alikuwa mtoto wa jirani yangu Mghoi. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mkubwa, Mzee Mwakio. Mzee huyu aliteremka kwenda kukata mkonge ili mtoto wa ndugu yake asome, na viganja vyake vilikakamaa hata ukimpa mkono unahisi umeshika gome la mti. Righa akasoma, akafaulu, akafaulu tena, akaenda chuo kikuu cha mbali. Hakuna aliyewahi kufika huko kutoka mtaa wetu. Mwaka wa kuhitimu kwake, Mzee Mwakio alikwenda kwa fundi pale Voi akashonewa koti la kijivu. Mtaa mzima ulijua koti lile ni la nini. Alikuwa anangoja kuitwa kwenye mahafali.

Hakuitwa. Ilikuja picha tu. Righa peke yake, amevaa joho na kofia ya mraba, anatabasamu. Mghoi akaitundika ukutani. Mzee Mwakio alikuja akaitazama, akasema, "Kijana amependeza," akaenda zake kulisha ng'ombe. Tangu siku hiyo Mghoi akakosa raha.

Kwa wale waliozaliwa mjini, nieleze kidogo. Kwetu hasira ya mzee haingoji kusemwa ndipo iumize. Inakaa kifuani, na hata kama anakupenda, inakufuata. Safari inaharibika, mwili unadhoofika, kazi haishiki. Dawa yake ni kutasa. Mzee anasema mbele ya watu kile kilichomuuma, anajaza kinywa pombe ya miwa au hata maji, anakupulizia, na hasira inatoka pamoja na yale manyunyu. Baada ya hapo umebarikiwa, mmemalizana.

Taabu ilikuwa kwamba Mzee Mwakio ni mzee wa kanisa. Mzee wa kanisa hana kinyongo, kwa hiyo hakuweza kukiri kwamba amekasirika. Na mzee wa kanisa hatasi, hayo tuliambiwa ni mambo ya giza, kwa hiyo hata angekiri, hakuwa na njia ya kuitoa. Na Righa alikuwa amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma zaidi. Meli ilikuwa inamngoja Mombasa.

Kabla hajaondoka, mwalimu mkuu wetu alimwomba atoe mhadhara shuleni, juu ya kuhitimu, kazi, na mtu kujiinua. Mghoi akaja kwangu, akakaa jikoni hata chai hakuigusa.

"Mwalimu, wewe ndiye utakayekuwa ukisema," akaniambia. "Akifika pale pa kumshukuru baba yake mkubwa, sema kwa nguvu, shemeji asikie. Akisikia shukrani mbele ya watu, moyo utamlainika, na mtoto wangu ataondoka salama."

"Na asipomshukuru, Mama Righa?"

"Atamshukuru. Si nimemzaa mimi?"

Siku yenyewe uwanja ulijaa. DO mbele, mchungaji pembeni yake, wanafunzi wamepangwa kwa mistari. Kulikuwa na meza yenye kitambaa, na juu yake glasi ya maji ya mhadhiri. Na pale kwenye benchi la kwanza la wazazi, Mzee Mwakio amekaa wima, amevaa koti lake la kijivu. Ilikuwa mara ya kwanza kulivaa.

Righa alianza vizuri. Alikuwa na sauti nzuri na hakuhitaji kuvutwa koti. Mimi nafuata, nakunja vidole. Kwa kweli kilikuwa kichekesho. Anasema kwa Kiingereza, nami nageuka kumweleza mama yake mzazi, kwa Kidawida, jambo ambalo mwanawe angeweza kumwambia wakiwa wanamenya mihogo. Mghoi akawa ananiitikia mimi kwa kichwa, kana kwamba mimi ndiye niliyehitimu. Alikuwa anangoja neno lake.

Neno lililokuja lilikuwa jingine. "Msingoje mtu," Righa aliwaambia wanafunzi. "Mimi hakuna aliyenibeba. Mahali nilipofika, nimefika kwa miguu yangu mwenyewe."

Nikamvuta pindo la koti. Ile ilikuwa ishara ya maneno marefu, na haya hayakuwa marefu hata kidogo. Akageuka. Nikamwuliza kwa Kidawida, chini chini, "Hili nalo nimwambie mama yako?"

Akababaika. Nadhani maneno yale aliyapata kulekule chuoni, ndivyo wanavyosema wote kwenye mahafali, na hakuwahi kuyasikia kwa lugha ya nyumbani kwao. Akamtazama DO. Akanitazama mimi.

"Sema tu, Mwalimu," akanong'ona. "Ndiyo hotuba."

Nikasema. Nikasema yote, kwa Kidawida safi, na sikupunguza. Maalim Badi angeniona angefurahi. Mimi sikufurahi. Niliyasikia yakitoka kwangu na nikawaonea haya wale watu, nikamwonea huruma Righa pia, maana uso wake ulibadilika nilipoyasema. Ungedhani ndiyo kwanza anasikia alichokisema.

Mzee Mwakio akainuka. Hakuna aliyemzuia. Alikuja polepole mpaka mezani, akaichukua ile glasi ya mhadhiri, akamkabili Righa.

"Righa, nilikasirika," akasema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Nilishona koti hili nije nikuone ukivishwa ile kofia. Ukavishwa mbele ya watu wasiokujua. Miguu hiyo unayosema ni yako, mimi ndiye niliyeitoa funza. Nimekaa na jambo hili kifuani, na kanisani naimba. Leo nalitoa."

Akajaza kinywa maji, mashavu yakavimba. Watu wakashusha pumzi. Mghoi alikuwa ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono yote miwili. Mchungaji akafumba macho, sijui ni kwa kuomba au ni kwa kutotaka kuona. Mimi nililia machozi ya furaha palepale mbele za watu, nikidhani kwamba sasa limekwisha.

Ndipo DO akaniinamia. "Anasema nini huyu mzee?"

Nikafungua kinywa. Natafuta Kiingereza cha kutasa, sikioni. Nakumbuka maneno ya kubariki, ya kutema, ya kusamehe, kila moja likija peke yake na hakuna linalotosha. Na nikiwa bado natafuta, DO akatazama mwenyewe akaona mzee nadhifu, mwenye koti, amesimama na glasi mkononi mbele ya kijana aliyehitimu. Kwao jambo hilo lina maana moja tu: mzee anamtakia kijana afya na heri, kama wafanyavyo kwenye karamu zao. Akapendezwa sana, maskini. Akasimama, akapiga makofi.

Na shule yetu ilikuwa na sheria. DO akisimama, shule yote husimama. Akipiga makofi, shule yote hupiga. Wale watoto walinyanyuka kama mtu mmoja na uwanja ukalipuka kwa makofi. Mzee Mwakio akashtuka, mabega yakaruka.

Akameza.

Niliwasikia akina mama wakiguna chini ya kelele ile. DO akamshika Mzee Mwakio mkono, akautikisa. Mzee akautazama mkono wake, akairudisha glasi mezani mahali ilipokuwa, akaenda kukaa. Righa akamalizia hotuba yake kwa kusoma tu, na mimi nikatafsiri mpaka mwisho, sijui hata nilisema nini.

Jioni ile na siku zilizofuata mtaa mzima uligawanyika. Wengine walisema hasira iliyokwisha kusemwa imekwisha, kumeza si kitu. Wengine wakasema la, hasira uliyoileta mpaka kinywani kisha ukaimeza inarudi na nguvu mpya. Mchungaji alisema tumshukuru Mungu yale maji yalimezwa, vinginevyo angelazimika kumwondoa kwenye uzee wa kanisa. Mghoi alikuja kwangu. "Wewe ndiye uliyekuwa katikati yao," akasema. "Hebu niambie, ile hasira imekwenda wapi?" Nilikwenda mpaka Voi kumwuliza Maalim Badi, na yeye akafikiri sana, akasema kortini hawakupata kesi ya namna hiyo.

Nilimfuata Mzee Mwakio zizini nikamsihi arudie.

"Nirudie?" akanijia juu. "Mimi ni kasuku, Mwalimu? Nililitoa mbele ya watu, wakanirudishia kwa makofi. Niache."

Na Righa? Righa alicheka. "Ni maji tu, Mama," alimwambia Mghoi. "Mzee alikuwa na kiu." Lakini nilimwona akisukuma sahani ya chakula, na alipodhani hatumwoni alikuwa akitazama upande wa nyumba ya baba yake mkubwa. Ningemzaba kofi, kisha ningemkumbatia. Kulikuwa na njia fupi tu kati ya nyumba hizo mbili, na yule aliyevuka nchi nzima kwenda kusoma hakuweza kuivuka.

Asubuhi ya safari tuliteremka naye mpaka stesheni ya Voi, Mghoi na mimi na majirani wachache. Treni ya kuteremka Mombasa ikaingia. Righa alikuwa na shati jeupe, suti mpya, na kofia. Akatuaga vizuri, akapanda, akafungua dirisha. Mghoi hakulia. Alikuwa amekauka tu, kama mtu anayemwona mwanawe akienda mahali pasipo na kurudi.

Filimbi ilipokwisha kulia nikasikia lori la mkonge likifunga breki nje. Mzee Mwakio akaja anakimbia, na sikujua kama mzee yule anaweza kukimbia. Hakuwa na kibuyu wala chupa. Akatazama huku na huku. Pale kwenye jukwaa alikuwepo mama mmoja anayeuza chai ya rangi kwa wasafiri. Mzee akamnyang'anya kikombe kutoka mkononi, bila hodi, akajaza kinywa, na chai ilikuwa ya moto, niliona macho yake yakitoka machozi. Treni ilikuwa imeshaanza kusogea.

Akakimbia sambamba na behewa. Righa alimwona. Angeweza kurudi ndani, angeweza kupandisha kioo, na hakuna ambaye angemlaumu, na lile shati jeupe. Nilimwona akisita. Kisha akavua kofia yake, akatoa kichwa nje, akatoa na mabega, akamwinamia mzee kwa chini kadiri dirisha lilivyomruhusu.

Mzee Mwakio akampulizia yote. Usoni, kichwani, kifuani. Kisha akasimama, ameshika mbavu, anahema, na treni ikampita.

Mzungu mmoja kwenye dirisha la nyuma alipiga kelele akiniuliza ni nini hiki, yule mtu ana wazimu? Nilikuwa na Kiingereza kingi siku zile, na sikumjibu.

Mghoi macho yake hayakuona mbali. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaniingia. Kwetu aliyepuliziwa akijifuta ni sawa na kukataa.

"Mwalimu, mtazame," akasema. "Amejifuta?"

Nikatazama. Righa alikuwa bado nje ya dirisha, chai inamchuruzika mpaka kwenye kola, mikono yote miwili ameiweka juu ya ukingo wa dirisha na haiondoi. Nikamtazama mpaka treni ikapinda.

"Hapana, Mama Righa," nikamwambia. "Hajajifuta."

Akakaa chini palepale, katikati ya mizigo ya watu, akalia kwa sauti.